Mvumo Katika Gurudumu la Mbele



Tumepokea barua kutoka kwa dada yetu mmoja mjane, ambaye hatutataja jina lake wala mtaa wake. Marehemu mumewe alimwachia yeye na watoto watatu nyumba wanayokaa, vitu vya ndani, na gari moja kongwe la michezo, Datsun 240Z, ambalo limekaa katika banda la makuti miaka mitatu bila kutembezwa. Kijana wake mkubwa, mwenye umri wa miaka 19, alilitia betri na mafuta mapya, likawaka. Lakini lilipoingia barabarani, gurudumu la mbele upande wa kushoto likawa lavuma, mvumo wa chini kama wa kinu cha kusagia kinachosikika kutoka nyumba ya tatu. Akaja mnunuzi, akalizunguka, akalisikiliza, akatikisa kichwa na kusema gari hili limekwisha miguu; akatoa bei ya kununulia pikipiki. Kijana naye asema kuwa ni beringi tu, na kwamba aweza kuzitoa na kutia nyingine kwa mikono yake. Dada yetu auliza: je, amwachie? Na akimwachia, yeye asiyejua nati na bolti atajuaje kuwa kazi imefanywa sawasawa kabla ya mabinti zake wawili kuketishwa ndani ya gari hilo?

Maswali haya mawili tumeyapenda, hasa la pili. Wanawake wengi hulipa gereji kwa kazi ambayo hawakuionyeshwa, kisha huambiwa "tayari, mama" na kukabidhiwa ufunguo. Tumelisoma somo hili katika kitabu cha mafundi cha gari lenyewe, na tukaketi na fundi mmoja mzee wa hapa pwani aliyeyafungua magurudumu ya namna hii tangu ujanani. Tuyaandikayo ni mavuno ya vikao hivyo.

Kwanza, gari lenyewe si la kudharauliwa. Kampuni ya Nissan ya Japani ililitoa mwishoni mwa mwaka 1969. Lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4, boneti ndefu, na viti viwili tu. (Dada yetu, hili nalo lina maana yake: mabinti wawili na kaka yao hawaketi pamoja ndani ya gari hili, hata beringi zikiwa za dhahabu.) Waliokuwa watu wazima zama zile watakumbuka mashindano ya magari ya Safari wakati wa Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa gari la aina hii, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa jingine kama hilo. Mwaka 1973 Mehta akashinda yeye, Lofty Drews akiwa kando yake, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya namna nyingine. Na tangu mwaka 2003, yanapofanywa mashindano ya Safari ya magari ya kale, 240Z huonekana tena katika vumbi la nchi yetu. Ni gari lililojengwa kustahimili, na vipuri vyake vya magurudumu bado vyapatikana.

Kuhusu thamani, tutaje jambo moja tu. Mwezi wa Januari mwaka 2020, gari la aina hii la mwaka 1970, lililotunzwa sana na kutembea maili chache, liliuzwa katika mnada Marekani kwa dola 310,000. Hatusemi kuwa la bandani kwa dada yetu lafikia hapo, wala robo yake. Twasema kuwa mtu atoaye bei ya pikipiki kwa sababu ya mvumo wa beringi, ama hajui anunuacho, ama ajua sana.

Sasa beringi ni nini? Gurudumu la mbele la gari hili halisukumwi na injini. Huzunguka tu juu ya mhimili mfupi wa chuma uliotulia. Kati ya mhimili usiozunguka na habu izungukayo hapana budi pawepo kitu cha kuondoa msuguano, na kitu hicho ndicho beringi. Kila gurudumu la mbele lina mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Si za gololi kama zile watoto watumiazo katika vigari vya mbao. Hizi zina rola zilizochongwa mithili ya pia iliyokatwa ncha, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Umbo hili alilisajili Henry Timken mwaka 1898 huko Marekani, naye alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi. Aliona kuwa gurudumu halibebi uzito kutoka juu pekee. Gari likikata kona, uzito husukuma kwa ubavu pia, na rola iliyoinama hupokea yote mawili.

Beringi ya namna hii huachana vipande viwili: pete ya ndani pamoja na rola zake, na pete ya nje peke yake, ambayo hukazwa ndani ya habu. Kwa sababu hiyo hazifai kwa vigari vya watoto, jambo ambalo litamhuzunisha mdogo yeyote atakayekuja kuziomba.

Tairi la gari hili lina mzunguko wa kama mita 2. Hivyo katika kilomita moja huzunguka mara 500, na kutoka Mombasa hadi Malindi, mwendo wa kama kilomita 120, mara 60,000. Kasoro ndogo ya kiasi cha punje ya mchanga hugongwa kwa idadi hiyo. Na gari lililokaa miaka mitatu karibu na bahari hupata kasoro bila ya kutembea. Grisi hukauka na kutengana na mafuta yake, unyevu wa chumvi hujipenyeza, na pale rola zilipotulia mahali pamoja huachwa alama za kutu, mistari midogo iliyopangana kwa nafasi sawa. Siku gari liendapo tena, rola hupita juu ya mistari ile, na huo ndio mvumo.

Lakini si kila mvumo ni beringi. Tairi lililochakaa upande mmoja huvuma vilevile. Njia ya kupambanua ni kulisikiliza gari likikata kona kwa mwendo wa kiasi, katika barabara isiyo na watu: likikata kulia, uzito huhamia gurudumu la kushoto, na kama beringi ya kushoto ndiyo mbovu mvumo huzidi, likikata kushoto, hupungua. Kisha gari lisimamishwe, gurudumu liinuliwe, likamatwe juu na chini kwa mikono miwili na kutikiswa. Likichezacheza, mtu mwingine akanyage breki, litikiswe tena. Mchezo ukitoweka breki ikikanyagwa, ulegevu uko katika beringi. Ukibaki, uko katika viungo vya chini au mahali pengine, na huyo aliyetaka kuuza beringi anyamaze kwanza.

Tuje kwenye kazi. Gari liwekwe mahali palipo sawa na pagumu, si juu ya mchanga wa uani. Breki ya mkono ivutwe, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo gari lingali chini, kisha jeki ipandishe, na papo hapo stendi za chuma ziwekwe chini ya mwili wa gari. Hapa twamwambia mama asilegee hata kidogo. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Kijana akionekana ameingiza kichwa au mguu chini ya gari lililo juu ya jeki pekee, au juu ya matofali ya saruji ambayo hupasuka bila kutoa onyo, kazi isimamishwe, na wala asisikilizwe akisema ni dakika mbili.

Gurudumu likitoka, itaonekana diski ya breki, nayo imeshikwa na kalipa. Kalipa hufungwa kwa bolti mbili kutoka nyuma. Zikitoka, kalipa itundikwe kwa waya mahali pa juu. Isiachwe ining'inie kwa bomba lake. Katika gari hili kuna kipande cha bomba la chuma kati ya kalipa na mpira wa breki, nacho hakipendi kupindwa. Kama hakitoi nafasi, afadhali kifunguliwe, ncha zake zizibwe vumbi lisiingie, na baada ya kazi breki zitolewe hewa. Mtu yeyote asikanyage breki wakati kalipa iko nje.

Katikati ya habu kuna kikombe kidogo cha bati. Hicho hutolewa kwa kugongwa taratibu kwa bisibisi na nyundo, huku na huku, hadi kilegee. Ndani yake kuna pini yenye miguu miwili, kofia yenye meno inayozuia nati isizunguke, nati yenyewe, na washa. Vyote vitoke kwa utaratibu na vipangwe juu ya kitambaa safi kwa mpango vilivyotoka. Tungependa kusema neno kuhusu kitambaa hiki. Mafundi wengi huviweka vitu hivi chini, juu ya vumbi, na mchanga wa pwani yetu ni adui wa beringi kuliko uzee. Leso kuukuu iliyofuliwa yatosha.

Habu ikitikiswa, beringi ndogo ya nje hujisogeza mbele. Ipokewe kwa kiganja. Kisha habu nzima pamoja na diski huvutwa na kutoka. Beringi kubwa ya ndani hubaki nyuma yake, imezuiwa na sili ya mpira. Sili hung'olewa na kutupwa. Haitumiki mara ya pili, na bei yake ni ndogo mno kuliko breki zitakazoharibiwa na grisi itakayovuja.

Sasa kila kitu kioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Wako mafundi wenye mashine ya upepo ambao hufurahia kuzungusha beringi kwa upepo hadi ilie kama mbu. Ni mchezo wa hatari, kwani rola yaweza kuchomoka na kuruka kama risasi. Baada ya kukauka, huangaliwa kwenye mwanga. Chuma kizima hung'aa kama upande wa ndani wa kijiko. Rangi ya buluu au ya udongo ni dalili ya kuungua. Vishimo, mistari, ama ukucha ukipitishwa juu ya pete ya nje na kukwama, beringi imekwisha kazi. Katika gari lililokaa kama la dada yetu, ushauri wetu ni kubadili zote nne za mbele, kushoto na kulia, bila ya kujadiliana na rola.

Pete za nje zilizokazwa ndani ya habu hugongwa kutoka upande wa pili. Ndani ya habu mna nafasi ndogo zilizoachwa kwa makusudi hayo, ambapo ukingo wa pete huonekana. Chombo kifaacho ni kipande cha shaba, kwa kuwa shaba ni laini na haijeruhi chuma. Hugongwa upande huu kidogo, kisha upande wa pili kidogo, ili pete isiende mshazari ikakwama.

Kuingiza pete mpya ndiko kunakoshinda wengi, na hapa jiko la mama laweza kusaidia. Pete mpya zifungwe katika mfuko wa plastiki na kulazwa usiku mmoja ndani ya friza, kando ya samaki. Chuma kikipoa hunywea. Habu nayo iachwe juani hadi ishike joto, na chuma kikipata joto hutanuka. Zikikutanishwa upesi, pete huingia kwa kugongwa kidogo tu. Upande mpana wa uwazi wa pete utazame nje ya habu, katika beringi ya ndani na ya nje vilevile, ili rola ziingie kwa upande wao mwembamba. Pete ya zamani yafaa kuwekwa juu ya mpya ili ipokee nyundo kwa niaba yake. Na fundi husikiliza: maadamu pete haijafika mwisho, sauti ya nyundo ni butu, ikifika na kukaa juu ya chuma cha habu, sauti hubadilika na kulia wazi. Aliyesikia mara moja hakosei tena. Umande wa friza ufutwe mara moja na pete ipakwe grisi kabla kutu haijaanza.

Pete ya nje na rola zitokazo katika boksi moja zikae pamoja. Kutia rola mpya juu ya pete ya zamani kwa sababu pete imekataa kutoka ni hila tuliyoisikia mara nyingi, na mwenye gari haioni kwani imefichwa ndani. Beringi iliyotiwa hivyo hufa mapema.

Grisi iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya beringi za magurudumu, inayostahimili joto la breki, na isichanganywe na mabaki ya nyingine. Huwekwa tonge katika kiganja cha kushoto. Beringi hushikwa kwa mkono wa kulia, na upande wake mpana hukandamizwa pembeni mwa tonge lile, tena na tena, hadi grisi itokee juu kati ya rola, zote kwa mzunguko. Kupaka kwa nje kama apakaye siagi mkate hakutoshi. Lakini habu nzima nayo isijazwe. Grisi ikizidi haipati pa kwenda. Hupata joto, hutanuka, na kusukuma sili mpaka kwenye diski ya breki. Pete za nje zipakwe, kuta za habu zitiwe kiasi, na kikombe cha bati kisishindiliwe.

Beringi kubwa huwekwa mahali pake, sili mpya hugongwa juu yake hadi ikae sawa na ukingo, mdomo wake ukielekea ndani na kupakwa grisi. Habu hurudishwa kwenye mhimili uliofutwa vizuri, beringi ndogo huingia, kisha washa, kisha nati. Hapo tumefika mahali ambapo kazi yote huokoka au huangamia.

Nati ya gurudumu la mbele haikazwi kama nati nyingine. Mtu akipewa nati, tabia yake ni kuikaza mpaka mishipa imtoke shingoni, na akiona gurudumu ni jambo la uhai, huongeza bomba refu kwenye spana. Katika beringi za rola za pia, nguvu hiyo hubana rola kati ya pete mbili mpaka grisi ikakosa pa kukaa. Barabarani chuma hupata joto, joto hukitanusha, kutanuka huzidisha kubana, na kubana huzidisha joto. Mwisho wake beringi hushikana na mhimili, na mhimili ukikatika gurudumu huliacha gari na kwenda njia yake. Kwa upande wa pili, nati ikiachwa legelege, gurudumu huyumba, rola hugonga badala ya kubingirika, diski husukuma pedi za breki nyuma, na dereva akikanyaga breki huikuta iko chini kuliko alivyoizoea. Twamwomba kijana wetu aelewe sababu ya pande zote mbili, kwani mwenye kujua kwa nini hatashawishika na mpita njia amwambiaye "kaza tu, kaza tu."

Kitabu cha gari hili chaagiza hivi. Nati ikazwe kwa kipimo cha kilogramu-mita 2.5 hadi 3, huku habu ikizungushwa kwa mkono. Spana yenye kupima nguvu ndiyo ya kutumia, nayo huazimwa kama haipo. Kisha habu izungushwe mara kadhaa mbele na nyuma, ili rola zipate kukaa, na nati irudiwe kwa kipimo kile kile. Baada ya hapo nati ilegezwe nyuzi 60, yaani moja ya sita ya mzunguko, ambayo ni upande mmoja wa nati yenye pande sita. Kofia yenye meno huvalishwa juu yake. Kama nafasi zake hazilingani na tundu la mhimili, kofia itolewe na kugeuzwa hadi zilingane, na nati yenyewe isisogezwe ila kwa unywele tu. Pini mpya ipitishwe na miguu yake ikunjwe huku na huku. Mpya, twasema, waya au msumari hauingii mahali hapa, na pini iliyokwisha kukunjwa na kunyooshwa mara moja imekwisha dhaifika.

Yaliyobaki ni mepesi. Kikombe kirudi, kalipa ifungwe, bolti zake zikazwe kwa nguvu zake kamili, gurudumu livalishwe na nati zake zikazwe kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu mguuni. Anayesahau jambo hili hulikumbuka mbele ya ukuta.

Basi jibu letu kwa swali la kwanza: ndiyo, dada yetu, mwachie, kwa sharti kuwa mtu mzima mwenye ujuzi awepo wakati wa kukaza ile nati, na kazi ifanywe upande mmoja hadi mwisho kabla ya kufungua wa pili, ili ulio mzima uwe kielelezo kwa uliofunguliwa. Kijana wa miaka 19 mwenye subira ya kuosha na kupanga vitu juu ya kitambaa atafanya kazi hii vizuri kuliko fundi mwenye magari sita yanayomngoja.

Hata hivyo, gari hili si la kijana. Wala si lako peke yako. Baada ya madeni na wasia kutolewa, na ikiwa hapana warithi wengine, thumuni ni yako, na iliyobaki yagawanywa kati ya watoto, mwana mafungu mawili na kila binti fungu moja. Mabinti ambao hawajabaleghe hawana kauli ya kusamehe haki yao, na wewe ndiwe uliyeketi juu ya amana hiyo. Kwa hiyo fedha za beringi ziandikwe, risiti zihifadhiwe, na kijana ajue kuwa anatengeneza mali ya dada zake. Kuliuza kwa bei ya pikipiki kwa sababu ya hofu ya mvumo ni kuwapunguzia mayatima kitu ambacho beringi nne, sili mbili na kopo la grisi zingekirudisha.

Swali la pili ulilouliza ndilo lenye jibu jepesi, kwani halihitaji spana. Agiza uonyeshwe beringi za zamani, sili na pini zilizotoka, pamoja na maboksi ya mpya yakiwa tupu. Hesabu nne na nne. Gari likingali limeinuliwa, likamate gurudumu juu na chini, ulitikise kwa nguvu zako zote: lisigonge. Lizungushe kwa mkono: lizunguke kwa ulaini, bila kukwaruza wala kusimama ghafla, isipokuwa ule mguso mwepesi wa pedi za breki. Kisha kijana aliendeshe peke yake kilomita kumi hivi, bila ya kubana breki mara kwa mara, na akirudi weka kiganja chako katikati ya gurudumu la kushoto, kisha la kulia. Uvuguvugu ni sawa. Likikufanya uondoe mkono, au upande mmoja ukawa moto kuliko wa pili kwa tofauti iliyo wazi, nati imebanwa, na gari lisiondoke tena mpaka ifunguliwe na kupimwa upya. Fanya hivyo hivyo baada ya juma moja la kutembea, kwani beringi mpya hujikalia na yaweza kuacha nafasi kidogo.

Swali la tatu katika barua hiyo, linalohusu bima na karatasi za gari ambalo jina lake bado ni la marehemu, lahitaji nafasi yake. Tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah.